Mama Nyumba wa Darasa la Tano

Simu ilipolia, Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya geti la mtu, miwani nyeusi usoni, akiunga bawaba ya mwisho. Aliiacha ilie. Ilipolia tena akazima mashine, akavua glavu kwa meno, akasikia sauti ya mwanamke ikijitambulisha kuwa ni mwalimu wa darasa. Hapo hapo akajua: yule mwanawe wa kiume kavunja kioo cha watu kwa mpira wake. Akaanza kuomba radhi hata kabla hajaambiwa kosa.

"Sikupigii kwa ajili ya mvulana," mwalimu akasema. "Nakupigia kwa ajili ya binti yako."

Fundi akacheka. "Mwalimu, hapo umekosea namba. Huyo wangu hana neno. Huyo ni mama nyumba."

Ndivyo alivyomwita, na mtaa mzima ukamwiga. Mama yao alipofariki, msichana yule alikuwa bado hawezi hata kubeba ndoo iliyojaa. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kuanzia leo jiko ni lako. Siku ndugu waliokuja msibani walipoondoka, jioni ilipoingia, baba na kaka walibaki wanatazamana na njaa yao, na yeye akainuka akawasha mkaa. Kesho yake akainuka tena. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya mazungumzo. Fundi, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, alikuwa akimsifu kwa wateja huku akikata mabomba: "Nina mama nyumba kule kwangu, yuko darasa la tano, lakini kwa kupanga vyombo hakuna mke wa mtu anayemfikia." Watu walicheka, wakamwambia ana bahati. Naye aliamini ana bahati.

"Njoo tu, baba," mwalimu akasema. "Si kesi. Ni mazungumzo."

*

Ofisi ya walimu ilikuwa imejaa, kwa hiyo mwalimu alimkalisha darasani, kwenye dawati la mtoto. Magoti yalimfika Fundi kifuani. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja; suruali ilikuwa na matundu madogo madogo ya cheche, na mikono yake myeusi aliificha chini ya meza kama mwanafunzi aliyeshikwa na kitu. Mwalimu mwenyewe alikuwa msichana ambaye wangekutana barabarani angemwita mwanangu.

"Anasinzia darasani," mwalimu alisema, "lakini wanaosinzia ni wengi, nisingekusumbua kwa hilo. Kinachonisumbua ni mapumziko."

"Mapumziko yana nini?"

"Kengele ikilia wenzake wanatoka mbio. Yeye anakwenda jikoni kukaa na wapishi wa shule. Anawachambulia mchele huku wanaongea habari za mkaa kupanda bei na miguu kuvimba. Wale mama wanampenda, wanasema ana akili za kikubwa. Lakini wa rika lake hana rafiki hata mmoja. Wenzake wanamwita Bibi."

Fundi alianza kucheka, akaacha.

"Juzi nilimshika mkono nikampeleka kwa wanaoruka kamba," mwalimu akaendelea. "Akashika ncha moja, akawazungushia wenzake mpaka kengele ikalia. Kila wakimwambia aingie, anasema magoti yanamuuma."

"Mwalimu, samahani. Mtoto wa kike kujua kazi za nyumbani limekuwa kosa siku hizi?"

"Si kosa. Kaka yake naye anazijua?"

"Kaka yake ni mvulana."

"Hilo nalijua. Nimemfundisha."

Alilisema bila ukali wowote, na ndiyo maana lilimchoma. Fundi akajinasua kutoka kwenye dawati lile, bega likagonga ukuta, akaaga kwa adabu zote alizokuwa nazo. Njia nzima alikuwa akimjibu kichwani. Hajaolewa, hajazaa, hajazika mtu, halafu anakuja kunifundisha kulea! Kufika nyumbani alikuwa ameshashinda ubishi ule mara nyingi, lakini haukumtoka.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alimtazama binti yake akifanya kazi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, khanga kiunoni, anaonja chumvi kwenye kiganja na kufinya jicho moja vilevile alivyokuwa akifanya marehemu. Mkono wa kushoto ameuweka mgongoni, kama mwanamke aliyebeba mimba nyingi maishani. Kaka yake, mvulana wa kidato cha kwanza mwenye miguu mirefu, alikuwa amejilaza kwenye mkeka akichezea simu ya baba.

"Mwambie baba viatu vyangu vya mpira vimeachama," mvulana akasema bila kuinua macho.

"Baba, kaka anasema viatu vyake vimeachama."

"Mwambie asubiri mwisho wa mwezi."

"Kaka, subiri mwisho wa mwezi."

Hivyo ndivyo walivyoongea katika nyumba ile. Maneno yote yalipita kwa msichana kama maji yanavyopita kwenye bomba, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu.

"Shuleni unacheza?" Fundi akamuuliza alipoletewa sahani.

"Nacheza, baba."

"Na nani?"

"Na watu." Akamwongezea mchuzi. "Kula kabla hakijapoa."

Fundi akala. Jibu lile lilimtosha kwa sababu alitaka limtoshe.

*

Jumamosi iliyofuata alikuwa juu ya ngazi, anafunga nondo za dirisha la ghorofa, alipopigiwa simu na jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mshonaji ambaye kila mtu alimwita Mama Cherehani. Mama Cherehani hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Binti yako kaungua. Tuko zahanati. Njoo."

Aliwakuta kwenye benchi la koridoni. Msichana alikuwa amenyoosha mkono wa kulia mbele yake kana kwamba ni kitu alichoazimwa na anaogopa kukichafua. Toka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko ngozi ilikuwa imevimba na kung'aa. Fundi alikuwa mtu wa moto. Mwili wake ulikuwa na makovu ya cheche tangu ujana, naye alijua kwamba kidonda cha moto siku ya kwanza kinamdanganya mtu, uchungu wenyewe unakuja kesho.

"Sufuria la maharage," Mama Cherehani akamweleza. "Kaka yake katoka mpirani anataka chai sasa hivi, basi huyu akaona alishushe ili aweke maji. Halafu hakupiga kelele! Mimi nimesikia kishindo cha sufuria tu. Kuingia, namkuta anazoa maharage sakafuni kwa mkono huohuo ulioungua, anayarudisha."

"Na kaka yake alikuwa wapi?"

"Alikuwa ndani." Mama Cherehani akamkazia macho. "Kwani kaka yake huwa yuko wapi?"

Nesi akaja na daftari lake. Akauliza jina, umri, mtaa. Akauliza mama yuko wapi. Fundi akasema amefariki. Nesi akasema pole, akaandika, kisha akainua kichwa. "Sasa nyumbani anayepika ni nani?"

Fundi akafungua mdomo. Binti yake akamtangulia.

"Mimi," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, ya mtu anayetaja cheo chake.

Benchi zima likageuka kumtazama Fundi. Kulikuwa na mzee mwenye kikohozi, kulikuwa na wanawake wenye watoto wachanga mapajani, na wote walimpima kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyake vya kazi. Wangesema neno, angepata pa kujitetea.

Walipokuwa wanamfunga bandeji, msichana akamvuta baba yake shati kwa mkono mzima. Fundi akainama, akidhani anataka kumwambia anaumia.

"Baba," akanong'ona, "maharage yote yamemwagika. Mchana mtakula nini?"

Fundi akatoka nje. Akasimama nyuma ya tangi la maji la zahanati, uso ukutani, mpaka pumzi zikamrudia.

*

Habari haikulala. Kesho yake asubuhi dada yake Fundi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha pekee chenye mto, mkoba mapajani. Alikuwa mkubwa wake, mjane, msusi mwenye wateja wengi, na alizoea kusema akiwa amesimama nyuma ya kichwa cha mtu asiyeweza kugeuka.

"Mdogo wangu, sitazunguka. Nimekuja kumchukua mtoto."

"Dada, ni ajali. Hata kwako kuna jiko."

"Kwangu kuna jiko na kuna mtu mzima. Hapa kuna wanaume wawili wanaosubiri kuandaliwa na mtoto wa darasa la tano." Mvulana, aliyekuwa mlangoni, akajifanya anafunga kamba za viatu. "Tena mtoto wa kike anakua. Yako mambo yanakuja mwilini mwake. Utamweleza wewe?"

"Mimi ni baba yake."

"Ndiyo nakuuliza, utamweleza?"

Fundi akainuka akafungua dirisha.

"Au uoe," dada akasema. "Niliwahi kukuambia."

"Nioe ili nipate mpishi?"

"Kwani wenzako wanaoa ili nini?"

Msichana alikuwa ameingia na sinia la vikombe, amelibana kifuani kwa mkono wa kushoto, bandeji imetokeza. Shangazi yake akaruka kulipokea, chai ikayumba, vikombe vikagongana. Hapo Fundi akaona njia ya kutokea. Alikuwa na hakika moja tu maishani mwake siku zile, nayo ni kwamba mtoto huyu hawezi kumwacha.

"Hapa tunabishana bure," akasema. "Mwenyewe huyu hapa. Muulize."

Shangazi akamvuta karibu. "Mwanangu, utapenda kuja kukaa kwangu? Shule ipo pale pale nyuma ya nyumba."

Msichana hakumtazama shangazi yake wala baba yake. Alikuwa akiutazama mlango wa jikoni. Walimsubiri hata Fundi akaanza kutabasamu.

"Kwa shangazi," hatimaye akauliza polepole, "nani anapika?"

"Mimi! Nani mwingine?" shangazi akacheka. "Wewe utapika siku ukijisikia."

"Na nisipojisikia?"

"Utakula."

Msichana akafikiri kidogo. "Basi nitaenda," akasema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka adabu, akamgeukia baba yake. "Kama baba ameruhusu."

Tabasamu lilikuwa bado usoni mwa Fundi. Hakujua namna ya kuliondoa. Akaitikia kwa kichwa. Baadaye hakukumbuka alisema nini, ila dada yake alimshika bega, na kushikwa bega kulimuuma kuliko maneno yote ya awali.

Kabla ya kuondoka, binti akamwita baba yake jikoni. Akamwonyesha kopo la chumvi na kopo la sukari, kwa sababu yanafanana. Akamwambia mkaa wa gunia hili una unyevu, achanganye na ule wa juu. Akamwambia kaka hali kitunguu kikubwa kikubwa, kikatwe kidogo la sivyo atakitoa pembeni. Akamwambia maji ya bomba yanakuja alfajiri tu na yakikatika ndiyo basi. Fundi akawa anaitika, "Ndiyo. Ndiyo. Sawa." Msichana akatupa macho mara ya mwisho kwenye sufuria zake zilizopangwa kwa ukubwa, akazigusa mifuniko. Hakulia. Aliaga kama mtu anayekabidhi zamu kazini, akatoka na begi begani.

*

Vyumba vyao vilikuwa viwili, na wakati wote vilikuwa vimewabana. Sasa vikapanuka. Fundi akirudi kazini alisikia hatua zake mwenyewe sakafuni, jambo ambalo hakukumbuka kuwahi kulisikia. Mvulana naye alikuwa akirudi, anaketi, anafungua mdomo: "Mwambie ba..." akitazama kona ya jiko. Halafu anafunga mdomo. Baba na mwana wakawa kama abiria wawili waliokosa gari moja, kila mmoja na kona yake, hawana ugomvi, hawana neno.

Jioni ya kwanza walinunua mkate wakala na chai. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu Fundi akaweka kisu na vitunguu mbele ya mwanawe.

"Katakata."

Mvulana akamtolea macho. "Mimi siyo msichana."

"Na mimi je? Nitazame vizuri."

Mvulana akaangalia ndevu za baba yake, kifua kile cha kubebea vyuma, upawa mdogo uliopotea kwenye kiganja chake, na kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia. Akashika kisu. Machozi ya vitunguu yakamtoka na makamasi yakafuata. Wali ule uliungua chini, juu ukabaki mbichi, katikati ndipo walipopata cha kula.

Wakajifunza mambo taratibu. Sokoni, kila Fundi alipoinama kuchagua nyanya, muuzaji alimuuliza, "Mama leo mgonjwa?" naye akajibu, "Hajambo," maana hakujua aanzie wapi. Bombani alfajiri wanawake walimpisha mbele kwa heshima, kama anavyopishwa mgonjwa, na akiondoka na ndoo zake alisikia mazungumzo yakianza upya nyuma yake. Karakana ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mpiga rangi wao, mtu wa mizaha, alimnusa shingoni mbele ya wateja. "Jamani, Fundi siku hizi ananukia kitunguu! Umeolewa na nani?" Watu wakaangua kicheko. Zamani Fundi angepata la kumrudishia. Siku ile alishusha miwani tu, akawasha mashine, moto ukalia mkubwa kuliko kicheko.

Nyuma ya miwani ile alikuwa na nafasi ya kuwaza. Alikuwa akiwaza jinsi geti ukishalichomelea leo linasimama miaka na miaka. Wajukuu wa mwenye nyumba watakuja kuliegemea. Lakini sahani umeiosha asubuhi, mchana chafu. Sakafu umeifagia, jioni mchanga. Nguo ndiyo usiseme. Kazi ya mkewe ilikuwa hiyo, kisha ya binti yake, na hata siku moja hakuwahi kuingia ndani akaiona, kwa sababu aliingia ikiwa imeshafanyika. Hakuwahi kumuuliza yeyote kati yao kama amechoka. Wangemjibu hapana, alijua, lakini hakuuliza.

Na jambo jingine lilimjia, ambalo hakuwa na mtu wa kumweleza. Tangu msiba ule hakuwahi kumlilia mkewe sawasawa. Chai ilikuja kwa wakati uleule, shati likawa limekunjwa vilevile, chumvi ikaonjwa kwa jicho lilelile moja. Pengo liliwahiwa kuzibwa na mwili mdogo kabla yeye hajalitazama. Sasa limebaki wazi, na ndani yake wamo wawili, mke na binti.

Siku moja mvulana alikuwa anasuuza sufuria, mgongo umegeuka, akasema bila kumwambia mtu wa katikati, "Baba."

"Naam."

"Siku ile aliniuliza kama nataka chai sasa au baadaye." Maji yakaendelea kumwagika. "Nikamwambia sasa."

Fundi akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. "Na mimi nilikuwa nasema sasa," akajibu. "Kila siku."

*

Ilipopita miezi na mkono ukawa umepona, Fundi akaamua kwenda kumrudisha. Hakumficha mwanawe. Jumapili asubuhi wawili hao walifagia, wakapiga deki, wakaanika magodoro. Mvulana akafua mapazia ambayo hakuna aliyejua yalikuwa na maua ya bluu. Fundi akamchomelea binti yake kitanda kizuri chenye vyuma vya kichwani vilivyopindwa kwa nakshi, maana siku zote alilala kwenye mkeka, na alijiona mpumbavu kwamba mtu wa vyuma kama yeye hakuwahi kulifikiria hilo. Akavaa shati jeupe. Njiani alikuwa akifanya mazoezi ya maneno: sasa tunajua kupika, mama. Hutagusa mwiko. Utarudi kuwa mtoto tu.

Dada yake alikuwa uani, anamsuka mtu. Hata hakumpa nafasi ya kukaa.

"Afadhali umekuja, ujionee mwanao. Mtoto amekuwa mtundu huyu! Kikombe haoshi, mpaka umwite mara kumi. Juzi kapanda ukuta wa jirani kachana gauni. Nimempa sufuria la kusugua, akaniambia, shangazi, leo sijisikii." Msusi akaangua kicheko, na mteja chini ya mikono yake akacheka pia. "Sijisikii! Akanirudishia maneno yangu mwenyewe!"

"Yuko wapi?"

Hakuhitaji kujibiwa. Kutoka nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya mtoto ikipiga kelele kwa hasira: "Umekanyaga mstari! Usinidanganye, nimekuona, umekanyaga! Anza upya!" Ilichukua muda Fundi kuamini kwamba sauti ile ni ya binti yake. Nyumbani aliongea chinichini, kama mwenye mgonjwa ndani. Hakujua kuwa ana koo la namna ile.

Akachungulia. Kundi la wasichana lilikuwa limechora vyumba mchangani, wanarukia kwa mguu mmoja. Wa kwake alikuwa katikati yao, nywele zimesukwa na kufumuka upande mmoja, magoti yana vumbi, anabishana huku amemnyooshea mwenzake kidole. Kovu la mkono lilikuwa la waridi, na alikuwa amelisahau.

Kisha akamwona baba yake.

Kidole kikashuka. Akasimama wima, akajipangusa magoti, akabana nywele zilizofumuka. Alipomfikia, uso wake ulikuwa umeshakuwa ule wa zamani, wenye utulivu, wa mtu mwenye majukumu. Fundi alilishuhudia badiliko lile hatua kwa hatua, jinsi mtoto alivyotembea kumjia na kuzeeka njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo." Macho yake yakaenda kwenye kola. "Shati hukulisuuza vizuri, lina sabuni." Halafu, bila kuuliza kitu kingine, akasema kwa sauti ya chini, "Nikalete begi?"

Hakukuwa na kinyongo ndani yake. Hiyo ndiyo ilimkata Fundi maini. Hakulia, hakugoma, hakuuliza kwa nini. Alikuwa tayari, kama alivyokuwa tayari siku zote. Nyuma yake wenzake walikuwa wamesimama kwenye vyumba vyao vya mchanga, wanasubiri.

Maneno yote aliyoyafanyia mazoezi yalikuwa mdomoni. Akayameza.

"Begi la nini?" akasema. "Mimi nimepita kunywa chai ya shangazi yako. Kwani siruhusiwi?"

Msichana akamtazama vizuri, kama anayetafuta palipofichwa kitu. "Hukuja kunichukua?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukusalimia."

"Na kaka?"

"Yuko nyumbani. Anapika."

"Anapika!" Akaziba mdomo kwa mikono miwili, cheko likampita katikati ya vidole. "Kaka? Anapika nini?"

"Hata yeye hajui."

Akacheka mpaka akainama. "Wee, njoo bwana, tutakuruka!" wenzake wakamwita. Akamtazama baba yake mara moja, haraka, na Fundi akampungia mkono kama anayefukuza kuku, nenda, nenda. Akageuka akakimbia. Hakugeuka tena.

Dada yake alimletea chai. Aliinywa yote akiwa amekaa upande ambao hauonekani kutoka nyuma ya nyumba, akisikiliza zile kelele.

*

Alipofika nyumbani mvulana alikuwa amesimama mlangoni. Ndani, mapazia ya maua yalikuwa yamekauka na kutundikwa. Sahani tatu zilikuwa mezani, na katika sahani moja vitunguu vilikuwa vimekatwa vikubwa vikubwa, maana mdogo wake alivipenda hivyo, jambo ambalo Fundi alilijua siku ile tu. Mvulana akatazama nyuma ya baba yake, barabarani, kisha akamtazama yeye.

"Hukuja naye?"

"Sikuja naye."

"Amekataa?"

"Sikumwuliza." Fundi akavua viatu, akaviweka pembeni taratibu. Akakaa.

"Sasa kwa nini, baba?" Sauti ya mvulana, ambayo siku zile ilikuwa inabadilika kuwa nzito, ilikatika. "Si ungemwuliza tu? Angekuja."

"Najua angekuja," Fundi akasema. "Ndiyo maana sikumwuliza."